Je, Maiti ni Ganda Tu?

SWALI: Mume wangu alifariki Mombasa, nasi tukamsafirisha usiku kucha hadi kwao, karibu na Kisumu. Kaburini mhubiri alitukanya tusililie jeneza, kwa kuwa mwili ni ganda na mwenyewe ameshaondoka. Inasemekana wanafalsafa wa zama za kati walifundisha vivyo hivyo. Je, nilikosea kuupenda mwili ule?
Mjane, Kisumu

JIBU: Pole sana, mama. Mhubiri anao wa kumwunga mkono, ila si wote. Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki mwaka 1037, alitutaka tumwazie mtu aliyeumbwa ghafla akielea hewani, haoni, hasikii, wala viungo vyake havigusani; mtu huyo hangejua kwamba ana mkono au moyo, lakini angejua kwamba yupo, na kwa hiyo nafsi si mwili.

Thomas Aquinas, mwanafalsafa na mwanateolojia Mkristo aliyefariki mwaka 1274, alimsoma sana Ibn Sina, lakini hapa walitengana. Kwake nafsi ndiyo inayoufanya mwili uwe hai na uwe wa binadamu. Si abiria aliyepanda matatu na kushuka. Akifafanua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho aliandika kwamba nafsi yangu si mimi, yaani nafsi ikiokoka peke yake, mtu mwenyewe bado hajaokoka, na ndiyo sababu aliushikilia ufufuo wa mwili. Hata hivyo hakujidanganya kuhusu maiti: jicho la maiti, alisema akimfuata Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ni jicho kwa jina tu, kama lile la kuchorwa.

(Kuhusu safari yenu, Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa alipofia Tunis mwaka 1270, mwili wake ulichemshwa ili mifupa irudishwe kwao, desturi ambayo Papa Boniface wa Nane aliipiga marufuku mwaka 1299. Ninyi mlimstahi marehemu zaidi.)

Swali lako hasa ni la mapenzi, na hapo Aquinas alimrejea Augustine, askofu wa Kanisa la kale: ikiwa watoto huienzi nguo au pete ya baba yao kwa kadiri walivyompenda, basi mwili wake haudharauliki kamwe, maana ulishikamana naye kuliko vazi lolote. Mhubiri akibisha, mwelekeze kwenye sehemu ya tatu ya kitabu cha Aquinas, Summa Theologiae, swali la 25, asome mwenyewe.