Usisaini karatasi ya bosi ukiwa umesimama

Bosi alinikuta kwenye maegesho usiku wa manane, cheki ya dola 1,500 mkono mmoja, karatasi ya kusema simdai tena mkono wa pili. "Saini hapa tumalizane kiutu uzima." Nilikuwa nasafisha maofisi Atlanta, Marekani, saa 55 kwa wiki, na zote analipa dola 14 ileile. Sheria ya shirikisho ya 1938 inataka ukivuka saa 40 kwa wiki, zinazozidi zilipwe mara moja na nusu. Kumbe alikuwa ananipunja dola 105 kila wiki. Kwa wiki 48, hiyo ni 5,040, na mahakama inaweza kuongeza fidia ya kiasi hichohicho.

Kodi ya nyumba ilikuwa inanisubiri, nusura nisaini. Mkongo mmoja tuliyekuwa tukipanda naye gari moja akaniambia: "Kaka, bila jaji hiyo karatasi haina nguvu."

Kwa jimbo letu la Georgia alikuwa sahihi. Mwaka 1982 mahakama ya rufaa ya huku iliamua kesi ya Lynn's Food Stores. Idara ya Kazi ilikuwa imekokotoa kwamba wafanyakazi wanadai zaidi ya dola 10,000. Mwajiri akawapa 1,000 wagawane watu 14, wasaini kuachia madai. Wengine wao hata Kiingereza hawakijui. Mahakama ikakataa: mapatano ya namna hiyo yasimamiwe na Idara, au jaji ayapime kama ni ya haki. (Texas ni habari nyingine, mapatano ya pembeni yamewahi kukubaliwa huko. Muulize wakili wa jimbo lako.)

Tulifungua kesi, tukakubaliana 7,500. Jaji akayarudisha mapatano yetu! Kulikuwa na kifungu cha kunifunga mdomo, na ada ya wakili haikuelezwa imefikiwaje. Nilimlaani yule jaji kimoyomoyo, maana nilisubiri wiki sita zaidi. Kifungu kikafutwa, ndiyo maana leo naandika.

Kilichonibeba ni daftari: nimeingia saa ngapi, jengo gani, nimetoka saa ngapi. Upande wa pili walidai nilikuwa napumzika saa nzima kila usiku, daftari likawajibu. Usikalie dai lako pia. Unadai miaka 2 ya nyuma, 3 kama mwajiri alivunja sheria makusudi, na kila wiki unayochelewa inakatika moja ya zamani. Kukosa makaratasi ya uhamiaji hakufuti saa ulizokwisha fanya kazi.

Ukiletewa karatasi, omba ukaisome nyumbani. Nilipoomba mimi, bosi aliinyakua pamoja na cheki yake, akawasha gari.