Mke wangu ananyweshwa dawa, kumbe tatizo ni langu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, ndoa yangu ina miaka sita, hatuna mtoto. Mama amemzungusha mke wangu kwa waganga mpaka Mkuranga, na sasa anataka nioe mwingine. Nilipima kimyakimya, mbegu hazikuonekana kabisa. Kipimo cha vinasaba kikaonyesha kromosomu yangu ya Y, ile ya vinasaba ambayo baba humpa mtoto wa kiume, imepungukiwa kipande kiitwacho AZFc. Sijamwambia mtu. Mimi ni mwanaume kweli? – Msiri, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Ni mwanaume, tena kamili. Jeni inayomfanya mtoto awe wa kiume, SRY, iko upande mwingine wa hiyo hiyo Y, na kwako ilishafanya kazi yake ukiwa tumboni. AZFc kazi yake ni mbegu. Ndiyo maana ndevu unazo, nguvu unazo, manii yanatoka, lakini kwenye darubini hawaoni kitu. Hujarogwa, wala si adhabu ya ujana. Mara nyingi kipande hicho hukatika mbegu ya baba inapotengenezwa, baba mwenyewe akiwa mzima.

Hakuna mzizi wala kidonge kitakachokirudisha. Sindano za testosteroni, homoni ya kiume, usiziguse kabisa: zinazima hata uzalishaji mdogo wa mbegu uliobaki. Ingekuwa AZFa, kipande kingine cha Y, yote imeondoka, ningekwambia usipoteze pesa. Kwa AZFc, karibu nusu ya wanaume madaktari huweza kupata mbegu chache ndani ya korodani kwa upasuaji mdogo, kisha mbegu moja ikaingizwa kwenye yai maabara. Gharama yake ni kubwa, ulizeni mapema. Na jueni kwamba mtoto wa kiume atarithi upungufu huo. Wa kike hapokei Y yako.

Sasa mkeo. Hapa ndipo barua yako iliponiuma. Unamwona anakunywa kikombe cha dawa chungu, unajua tatizo si lake, unanyamaza. Huyo wa pili naye si atanyweshwa vilevile? Mwambie wiki hii, mko wawili, karatasi ya majibu mkononi, na umwombe radhi kwa kila safari ya Mkuranga aliyokwenda wewe ukiwa umeshajua. Akilia, mwache alie. Akikasirika, ana haki.

Kisha rudini kliniki pamoja, naye apimwe mirija na mayai kabla hamjalipia chochote. Mama yako mwambie wewe mwenyewe, usimtume mkeo.