Siku Moja Istanbul na Mwenza Wako: Tembeeni Kidogo, Pandeni Feri

Wabongo wengi tukienda Istanbul tunaenda Laleli, mtaa wa maduka ya nguo za jumla. Unafunga mzigo, unaupeleka kago, unarudi, mtu akikuuliza mji ukoje unamwambia hoteli ilikuwa safi. Simlaumu mtu, nguo za dukani kwangu mimi mwenyewe nazitoa huko huko. Ila kama safari hii umeenda na mumeo au mkeo, tengeni siku moja ya kutogusa mzigo kabisa. Na msiipange hiyo siku kama watu wanaofukuzwa na polisi, maana nimeona wanandoa pale Sultanahmet, mji wa kale wenye misikiti na makumbusho, saa nane mchana wamenuniana, hawajala, miguu imevimba, kila mmoja anamlaumu mwenzie nani kaleta wazo la kuingia makumbusho ya tatu.

Mimi nasema vitu viwili asubuhi, mle, halafu muende kwenye maji.

Kuamka mapema sio tabu, saa za kule na za kwetu ni zile zile mwaka mzima tangu 2016, kwahiyo hata saa ya mkononi huibadilishi. Nunueni Istanbulkart, kadi ya nauli, kwenye mashine za vituoni, kadi moja inawatosha wote wawili, unagusa mara mbili mnapita, na inafanya kazi kwenye tremu, feri, basi, treni. Mkitokea Laleli mnapanda tremu ya T1, vituo vitatu tu mko Sultanahmet, au mtembee kama hakuna baridi.

Anzeni na Msikiti wa Sultan Ahmed, ule wanaouita Msikiti wa Bluu, wenye minara sita. Ulijengwa kuanzia 1609 na kuingia ni bure. Dada, beba khanga au mtandio wako mwenyewe kwenye begi, usisubiri vya kuazima mlangoni ambavyo hujui vimepita kichwa cha nani. Wakati wa swala watalii hawaingii, na Ijumaa ndio kabisa, asubuhi yote mpaka watu watoke swala hapo msijisumbue, kama nyie ni wa kuswali hiyo ni habari nyingine.

Sasa Ayasofya iko hapo mbele, mnatazamana nayo. Najua kila mtu anataka kuingia, jengo la tangu mwaka 537, lilikuwa kanisa, likawa msikiti, likawa makumbusho, 2020 likarudi kuwa msikiti. Ila tangu 2024 mtalii wa nje analipa euro 25 na anapandishwa roshani ya juu tu, chini wamewaachia wanaoswali. Kwa wawili hiyo ni euro 50. Kama historia ndio ugonjwa wenu lipeni, hamtajuta, ila kama mnaenda kwa sababu kila mtu kaenda, itazameni kwa nje mkae kwenye benchi, ile hela ina kazi nyingine. Mimi badala yake napenda Yerebatan, hatua chache tu kutoka pale, ni tangi la maji la chini ya ardhi la enzi za Warumi wa Konstantinopo (jina la zamani la Istanbul), nguzo 336 zimesimama kwenye giza, taa hafifu, kuna ubaridi mzuri hasa kiangazi kule juu kunapowaka. Mwisho kabisa kuna vichwa viwili vya mawe vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Wagiriki mwenye nywele za nyoka, vimewekwa chini ya nguzo, kimoja kimepinduliwa chini juu, kingine kimelala ubavu. Baba watoto ambaye huwa hapendi vitu vya kizamani hapo ndio alikataa kutoka.

Topkapi, kasri la masultani, acheni, inakula nusu siku nzima na Jumanne inafungwa.

Mkishatoka hapo nyanyukeni taratibu kuelekea Süleymaniye mkipita Grand Bazaar, lile soko kubwa la kale lenye paa. Piteni tu, macho hayalipiwi, ila bei za pale ni za watalii, na Jumapili kumefungwa. Süleymaniye kwangu ndio msikiti mzuri kuliko yote mjini, aliuchora Sinan, msanifu majengo wa masultani, ukaisha 1557, uko juu ya kilima, watu sio wengi, na uani kwa nyuma mnaona Golden Horn yote, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, na meli zinavyopishana. Halafu sasa, mbele yake tu kuna mstari wa migahawa inauza wali maharage! Kuru fasulye wanaita, maharage meupe ya nyanya yaliyopikwa hadi yakalainika, wali pembeni, na pilipili za achari. Mkae mle vizuri. Msilale na njaa kwa aibu ya kutojua Kituruki, unanyoosha kidole unaletewa.

Kutoka hapo ni kuteremka tu mpaka Eminönü kupitia Tahtakale, vichochoro vya vyombo, kahawa, mifuko, watu wamebanana kama Mtaa wa Kongo wiki ya sikukuu. Shikaneni mikono na pochi iwe mbele. Na ukiona fundi wa viatu anapita kadondosha brashi, usimuite wala usiiokote, atakushukuru kwa kukung'arishia kiatu halafu atakudai. Mume wangu alipita kama kipofu, safi kabisa.

Eminönü mtaitwa na vijana wa boti za watalii, boti binafsi, bei yao na yao. Waambieni asante, nendeni kwenye gati la feri za kawaida za abiria, gusa kadi, pandeni ya Üsküdar. Kama dakika 20 hivi mmetoka Ulaya mmefika Asia, kwa nauli ya wafanyakazi wanaorudi nyumbani. Kaeni nje, vaeni sweta hata kama kuna jua maana ule upepo hauna huruma. Chai inapita kwenye sinia, glasi ndogo isiyo na mshikio, vipande viwili vya sukari kwenye kisosi, unaishika juu kabisa kwenye mdomo wa glasi kwa vidole viwili la sivyo unaungua. Watu wanarushia ndege simit, mkate wa duara wenye ufuta, wanaidaka hewani.

Üsküdar tembeeni ufukweni mpaka Salacak, mkabala na Kız Kulesi, ule mnara ulioko katikati ya maji. Kuna ngazi wanauza chai mnakaa mnatazama jua linazama upande wa misikiti mliyotoka asubuhi. Huo ndio muda wa kuongea yale mambo ambayo nyumbani watoto hawawapi nafasi, simu ziwe mfukoni, picha mshapiga za kutosha.

Kurudi mkiwa mmechoka msihangaike na teksi, Marmaray iko pale pale Üsküdar, treni inapita chini ya bahari, kituo kimoja tu mko Sirkeci, mnapanda T1 mnarudi Laleli. Mzigo kesho.