Mwenye presha akiharisha, tazameni mkojo

Kaskazi ikipamba moto hapa Mombasa, jasho peke yake lamkausha mtu. Ukiongeza kuharisha na kutapika, damu inayofika kwenye figo hupungua, na figo zinaweza kugoma ghafla hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua figo.

Ami yangu wa Majengo yalimkuta hayo. Tumbo lilikuwa limemwendesha vibaya, naye akaendelea na losatani ya presha na kidonge cha kukojoza. Magoti yalipomuuma, akanunua diklofenaki duka la dawa. Hizo tatu zikikutana kwenye mwili uliokauka, ni balaa: dawa ya maumivu hubana mishipa inayoingiza damu kwenye figo, losatani hulegeza inayoitoa, na nguvu ya kuchuja huanguka. Wauzaji wengi hawaulizi, kwa hivyo mtaje dawa zenu wenyewe kabla ya kutoa pesa.

Kiuno hakikumuuma hata kidogo, ndiyo maana nyumbani hakuna aliyefikiria figo. Kilichotushtua ni mkojo: tangu alfajiri hadi adhuhuri alitoa kidogo tu, mweusi kama chai ya mkandaa. Kwa kipimo cha madaktari, mtu wa kilo 70 asiyefikisha mililita 35 kwa saa, saa 6 mfululizo, figo zake zimeumia. Jumla hiyo haijazi hata glasi moja.

Hospitali watapima kriatinini, taka ya misuli ambayo figo huichuja, kwenye damu. Ikipanda kwa mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au ikifika mara moja na nusu ya kawaida ya mgonjwa ndani ya siku 7, jibu ni hilo hilo: figo zimeumia. Sasa, kawaida yake wataijuaje? Bebeni karatasi za maabara za zamani. Na kipimo cha kwanza kikitoka kizuri msikimbilie kuondoka, maana kriatinini huchelewa kupanda, ombeni kirudiwe. Potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, nayo ipimwe, kwani ikizidi husimamisha moyo. Ultrasaundi huonyesha kama njia ya mkojo imezibwa na mawe au tezi dume.

Malaria kali, maambukizi kwenye damu, sindano za jentamaisini na baadhi ya miti shamba pia huangusha figo, kwa hivyo msimfiche daktari kitu. Dawa za presha nazo msizikate kienyeji. Pigieni kliniki muulize kama zisimamishwe, na hadi lini.

Ami alipona kwa dripu, hakufika kwenye mashine ya kusafisha damu. Magoti anayatuliza kwa parasetamoli siku hizi, na kutwa analalamika kwamba haifanyi kazi.