Kabla hujabadili draivu, cheki propela

Mkuu, umesema boti ikifika kasi ya juu inatikisika kushoto kulia, injini inalia tu na mwendo hauongezeki, sasa unataka draivu mpya, yaani lile guu la injini linaloingia majini na kubeba propela. Subiri kwanza, usitoe hela.

Piga hesabu ya mtelezo, yaani kasi inayopotea propela ikiteleza majini: mizunguko ya injini kwa dakika, gawa kwa uwiano wa gia, zidisha kwa pichi ya propela kwa inchi (umbali ambao ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja), halafu gawa kwa 1056, unapata kasi ya boti kama kusingekuwa na mtelezo, kwa maili kwa saa. Mfano 5000, gia 1.5, pichi 26, inakuja kama 82, sasa GPS ikikuonyesha 70 ujue karibu asilimia 15 inapotea majini, na hapo wa kwanza kushukiwa ni propela.

Mi ningeanza na propela ya chuma cha pua yenye mapanga manne, inashika maji vizuri na inanyanyua tezi, yaani nyuma ya boti. Kisha pandisha draivu nusu inchi nusu inchi, maana lile guu la chini ndo linakokota maji, ila macho yasitoke kwenye geji ya presha ya maji, ikishuka tu rudisha. Ukikwama hapo ndo draivu yenye pua iliyochongoka na matundu ya kuvuta maji chini puani ina maana, unapandisha zaidi na injini haichemki.

Huko kutikisika shusha trimu (ule mwinamo wa draivu) kidogo uone, na usukani ushike uutikise boti ikiwa imesimama, mi nilihangaika wiki nzima kumbe bushi za usukani zimeisha.