Damu chooni: ni bawasiri au kinyama cha utumbo?

*Shangazi, nina miaka 39. Kaka yangu wa tumbo moja alikutwa na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 47; daktari alisema ilianza kama kinyama kidogo. Mimi naona damu chooni, mwezi wa tatu sasa. Mke wangu anasema ni bawasiri, nimenunua mitishamba. Kile kipimo cha kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa nakionea aibu. Au ni sigara na nyama choma? – Msomaji, Tanga*

Mwanangu, pole kwa kaka, na pole kwa hofu uliyonayo. Mitishamba iweke kando, nenda hospitali wiki hii. Huenda ikawa bawasiri kweli, lakini kinyama nacho hutoa damu, na kwa kutazama choo tu huwezi kuvitofautisha.

Vinyama hivi huota kwenye ukuta wa utumbo mpana, vingine vina kikonyo kama uyoga. Vingi havigeuki kuwa saratani. Aina iitwayo adenoma ndiyo ya kuogopwa, nayo kwa kawaida huchukua kama miaka 10 kufika huko. Ikikatwa mapema, safari inaishia hapo.

Sigara, pombe, unene na nyama nyekundu nyingi vyote huchangia. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa ziliwekwa na Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 2015. Sigara iache leo. Ila kwako wewe zito zaidi ni ukoo. Mwenye ndugu wa tumbo moja aliyeugua hushauriwa aanze kupimwa akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougulia nduguye, lolote litakalotangulia. Toa 10 kwenye 47. Ulipaswa kupimwa tangu una miaka 37, hata bila kuona damu.

Aibu naielewa. Nilimsindikiza dada yangu kwenye kipimo hicho. Kazi ilikuwa usiku wa kuamkia: dawa ya kusafisha tumbo ilimkimbiza chooni hadi alfajiri, kanga moja kiunoni. Asubuhi akachomwa sindano ya usingizi. Alipozinduka aliniuliza wataanza saa ngapi, kumbe kinyama kimeshakatwa kwa kitanzi cha waya na kimepelekwa maabara.

Kabla hujaenda, mwombe kaka yako nakala ya majibu yake ya maabara. Daktari atayataka. Na wadogo zako, kama unao, waambie nao.