Barua kwa mwanangu: zile mita 50 za kurudi

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana baada ya Isha. Unasema kwenye mita 100 mtindo huru unakwenda kwa sekunde 31, unarudi kwa 39, na mikono inakuwa mizito kama umefungiwa mawe. Unauliza kama mwanzoni upunguze mwendo, au ni pumzi tu huna.

Pumzi unayo, mama. Hesabu ndiyo imekukataa.

Mtazame Pan Zhanle, yule Mchina aliyevunja rekodi ya dunia Paris mwaka 2024 kwa sekunde 46.40. Alikwenda kwa 22.28, akarudi kwa 24.12. Tofauti haifiki sekunde mbili, na hapo kuna ule mruko wa kuanzia, ambao wakati wa kurudi haupo. Unajisukuma ukutani tu. Wewe unapoteza nane! Maji nayo yana kisirani: ukiongeza kasi mara mbili, yanakuzuia mara nne. Sekunde unayoiiba mwanzoni unailipa na riba.

Video uliyonitumia nimeiangalia mpaka mama yako akaninyang'anya simu. Kwenda nimehesabu mapigo ya mikono 42, kurudi 56. Mita 15 za mwisho kiwiko kimeanguka, mkono unatoka majini ukiwa bado usawa wa tumbo badala ya kusukuma hadi pajani, na kiganja kinateleza kama mwiko kwenye uji mwepesi. Unarusha mikono haraka zaidi na husogei. Hapo ndipo sekunde zako zinapopotelea.

Miguu usiimalize mapema. Misuli ya mapaja ni mikubwa, inakula hewa kuliko mikono. Kwenye shindano la mita 50 piga mateke yote uliyonayo, hakuna cha kubania. Kwenye 100, yaweke makali baada ya kugeuka. Na vuta pumzi tangu mwanzo. Kuibana si ushujaa.

Mazoezini, ogelea mita 25 kwa nguvu zote, pumzika dakika mbili nzima, rudia mara nane. Ukipumzika sekunde 20 kama ufanyavyo sasa, unajenga ustahimilivu, kasi huijengi. Siku nyingine ikate 100 vipande vinne, sekunde 10 katikati, ukihesabu mapigo. Yakizidi 24 kwa kipande, toka majini, siku hiyo imekwisha.

Shindano lijalo jaribu 33 na 36. Hiyo ni 69, na leo una 70. Utaona wenzako wakikutangulia mwanzoni na moyo utakuuma, waache.

Mimi ujanani tulishindana kutoka gatini hadi kwenye jahazi lililotia nanga. Niliongoza nusu ya njia, nusu nyingine nikaimalizia ndani ya ngalawa, nikitapika maji ya chumvi. Mama yako alikuwepo, na hajapata kusahau.

Jumamosi nitumie muda wako pamoja na idadi ya mapigo. Muda peke yake hauniambii kitu.

Baba yako